Mguu wa Mjomba Kwenye Bango

12 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima. Mtoto wangu wa mwisho ameng'oka jino la mbele na amekataa kucheka mpaka liote jingine, kwa hiyo nyumba imekuwa na hakimu. Mkazamjomba hajambo? Paa mmeshamaliza kuliziba? Najua simu na masikio yako hayapatani, na mambo ya maana unapenda kuyasoma mara mbili ukiwa umevaa miwani. Basi vaa miwani.

Nimeacha kazi hospitali. Usishtuke. Miaka kumi na tisa kwenye wodi ya upasuaji imenitosha. Nimefungua chumba changu mwenyewe cha kutibu vidonda, vidonda tu. Sizalishi, sipimi homa, sing'oi meno. Zamani palikuwa kwa kinyozi. Tumeondoa vioo vyote isipokuwa kimoja, tumeweka sinki mbili, kitanda kirefu na jiko la kuchemshia vifaa. Leseni imetundikwa karibu na mlango. Daktari mmoja niliyefanya naye kazi aliniuliza, "Nesi bila daktari ni nesi gani?" Nikamwambia, "Ni nesi mwenye ufunguo wake mwenyewe."

Wewe ndiye uliyenipa moyo. Ile miezi mitano ya mwaka juzi uliyokaa kwangu na kidonda chako cha unyayo, mimi nikikisafisha asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi, mpaka kikafunga, ndiyo iliyonionyesha kwamba kazi hii naiweza bila kusimamiwa. Tangu marehemu mama aondoke, wewe ndiye mzazi niliyebaki naye, na nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Nisamehe kwamba sikuja ule mwisho wa Oktoba kama nilivyoahidi. Kuhamia hapa kulinimeza mzimamzima. Ulipoandika mwezi uliopita kwamba mambo yametulia, nilishusha pumzi. Mguu unaendeleaje? Kumbuka kuuangalia unyayo kwa kioo kila siku.

Mpwa wako

---

9 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, si mbili, maana ya tatu nilimsomea mkazamjomba wako naye akataka nirudie pale pa ufunguo. Amecheka mpaka akakaa chini. Hongera sana. Marehemu mama yako angekuwepo angepita nyumba kwa nyumba akijifanya anaazima chumvi ili apate kulisema.

Paa bado linavuja, ila limechagua sehemu moja, tumeizoea. Kazi ipo. Nashona sare za shule, mia na ushee, na walimu hawana subira. Cherehani inalia kidogo upande wa mkanda lakini inakwenda.

Mguu unaouliza hauniumi hata kidogo. Kwa hilo lala usingizi.

Usije sasa hivi. Barabara mbovu, na mwenye kazi mpya haachi kazi. Tukupate kwa karatasi inatosha.

Mjomba wako, Fundi Vidole

---

3 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Jino limeota, limeota kombo, na kicheko kimerudi. Mkubwa anafanya mitihani na hatuongei naye mpaka amalize.

Chumba kimejaa. Nimepata mwenzangu, muuguzi mstaafu tuliyekuwa tukimwita Bi Mkasi kwa sababu hajawahi kuonekana bila mkasi mfukoni, hata msibani. Yeye anafunga bandeji, mimi nasafisha. Wanakuja watu wenye vidonda vya miaka miwili, mitatu, waliokwishakata tamaa. Wengine wamefunga kanga tatu ili harufu isisikike, na wanakaa karibu na mlango, mbali na wenzao. Ninawaambia waje kati. Mkaguzi alikuja mwezi jana, akafungua kila droo, akaondoka akisema ameona hospitali kubwa chafu kuliko hapa.

Tuna bango kubwa barabarani. Maneno yake niliyatunga mwenyewe: "Hatukati. Tunaponya." Watu wanayasoma kwa sauti wakipita.

Sasa, nina ombi. Mwezi wa Juni nataka kuwakusanya wagonjwa wa kisukari wa mtaa huu, mabenchi tu na chai, niwafundishe kutunza miguu. Nataka uje. Useme maneno mawili, uvue kiatu, waone kwa macho yao. Nauli nitatuma. Mtu akikuona wewe ataamini kuliko kunisikiliza mimi mwaka mzima. Usikatae, mjomba.

Mpwa wako

---

21 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini hujambo na watoto hawajambo. Nimechelewa kujibu, na najua siku yako ya mabenchi imeshapita. Sikuweza kuja. Kazi nyingi.

Mkazamjomba wako anakusalimia. Mgongo unamsumbua kidogo.

Kuna mteja wangu, mwalimu, alikuwa na mkutano huko kwenu. Juzi alikuja nimpime suruali. Akasema, "Fundi, nimeuona mguu wako mjini, mkubwa kama mlango." Nikadhani ananitania. Akasema hapana, upo kwenye bango, picha mbili: ya kwanza yenye kidonda, ya pili umepona, na kile kidole cha sita kimekaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. Kisha akanitazama. Tukaendelea kupima suruali.

Zile picha ulisema ni za faili.

Sina la kuongeza.

Mjomba wako

---

8 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui nianzie salamu au nianzie magotini.

Ni kweli. Nilizipiga kwa ajili ya faili, na kwa zaidi ya mwaka zilikaa kwenye faili. Mchora mabango aliponiuliza niweke picha gani, nilikuwa na nyingi, za wagonjwa wa hospitali, lakini nikaona za wagonjwa si zangu, nisingethubutu. Yako nikaiona ni yangu. Ndivyo nilivyojiambia: ni mguu wa nyumbani. Sura haionekani. Jina halipo. Nani atajua?

Nilitaka kukuomba. Nilianza barua mara mbili. Niliogopa ungekataa, na bango lilikuwa limeshalipiwa. Hivyo nikanyamaza, na kila ulipoandika nikawa nasoma haraka kwanza kuona kama umejua.

Uso umenishuka, mjomba. Lakini naomba uelewe pia kwamba watu wamekuja kwa sababu ya mguu huo. Mama mmoja aliniambia alisimama chini ya bango akalia, kwamba kumbe inawezekana. Ukiniambia niliondoe nitaliondoa. Nasubiri neno lako.

Siku ya mabenchi walikuja watu arobaini. Niliwaambia mwenye mguu ana udhuru.

Mkazamjomba asinyanyue vitu vizito. Ajikandekande kwa maji ya moto.

Mpwa wako

---

14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Hukujibu barua ya Julai. Sasa najua kwa nini, au nadhani najua. Watoto wazima. Sina habari nyingine ya nyumbani, naomba niseme lililonileta.

Jumatatu alikuja mtu wa kwenu, msagaji wa nafaka, ana kidonda kwenye kifundo cha mguu. Benchi lilikuwa limejaa, watu sita. Ndani ya chumba nimetundika picha zile zile, ndogo, juu ya sinki. Nilikuwa nimeshaanza kumsafisha alipoinua macho.

"Huyu si fundi wetu?"

"Fundi gani?" nikauliza.

"Fundi Vidole. Nitaachaje kumjua? Kaptula hii kaishona yeye. Tumelala naye wodi moja Desemba, kitanda changu na chake." Akaitazama picha tena. "Lakini nesi, mguu huu si haupo?"

"Haupo vipi?"

"Haupo. Ulikatwa. Hapa, chini ya goti."

Mjomba, nilikuwa nimeshika kibano chenye pamba na pamba ikaanguka. Bibi mmoja anayekuja kila Jumatatu akasema, "Kwa hiyo yule tunayeambiwa kapona alikatwa?"

Wewe ulinilea. Ulinifundisha kwamba anayesema uongo hujishona mdomo mwenyewe. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Hapana, bibi. Huyo ni mtu mwingine. Watu hufanana."

Msagaji akasema taratibu, bila ubaya, "Na vidole sita navyo hufanana?"

Mtu mmoja akacheka. Nikaokota pamba, nikatupa, nikachukua nyingine, nikaendelea. Bi Mkasi akaja akanisogeza kwa bega, akamalizia yeye.

Nimekukana, mjomba. Mbele ya watu saba, kwa ajili ya bango.

Na kuna jingine ambalo wewe unalijua na mimi ninalijua, na kila barua tumelizunguka kama shimo. Oktoba uliniandikia kwamba kidole kimekuwa cheusi kwenye ncha. Barua yako ninayo. Ilinifikia nikiwa napaka rangi ukuta wa chumba hiki. Nikaisoma nimesimama, nikajibu nusu ukurasa: osha kwa maji ya chumvi, usitie shaka, subiri mwisho wa mwezi nitakuja. Mimi, ninayemwambia kila anayeingia mlango huu kwamba kidole cheusi hakisubiri hata kesho! Ningekuwa kazini siku ile, mgonjwa yeyote asiyenihusu ningemtuma hospitali saa ile ile. Wewe nilikwambia usubiri kwa sababu ulikuwa wangu, na nilidhani wangu wanaweza kungoja.

Na mwisho wa mwezi sikuja. Wiki ile ndiyo niliyochagua picha.

Niambie ni kweli ulikatwa. Nataka nisikie kwako.

Mpwa wako

---

2 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba. Ni kweli. Tarehe sita Desemba, chini ya goti, mguu wa kulia.

Nilipokuandikia kwamba mambo yametulia nilikuwa kitandani wodini, siku ya tisa. Mkazamjomba wako alinishikia karatasi. Aliniambia, "Mficha maradhi kilio humfichua." Nikamwambia kilio kimeshapita, hakuna cha kufichua. Nikamwapisha asikwambie. Amekasirika nami tangu siku hiyo, na huo mgongo unaomsumbua nitakuambia umetoka wapi. Daktari amenikataza kuutesa mguu uliobaki kwa kukanyaga cherehani kutwa nzima. Kwa hiyo anakanyaga yeye. Nakaa mimi mbele ya kitambaa, yeye ubavuni kwangu miguu yake chini, nami nasema "Twende," "Pole pole," "Simama." Mwanzoni alikuwa anakwenda kama anayekimbizwa na nyuki. Tumeharibu sare kumi na moja. Siku nyingine tunagombana katikati ya mshono na wateja wanakaa kusikiliza. Huo ndio ufundi niliobaki nao.

Sasa nisikilize. Uliniambia nisubiri, na nilisubiri. Sitakudanganya kwamba halikuniuma. Mwisho wa mwezi nilivaa shati safi nikakaa barazani siku mbili. Lakini hukuniambia ninunue unga wa yule muuza dawa wa sokoni na kuutia kwenye kidole. Hukuniambia nivae soksi wiki tatu ndani ya nyumba ili mke wangu asione. Ni pua yake iliyogundua, si mimi niliyesema. Dawa za sukari nilikuwa nimeziacha tangu Agosti kwa kujiona nimepona. Nilikuwa na kichwa kikubwa: mimi ndiye mgonjwa wa mfano wa mpwa wangu.

Nilipozinduka baada ya kukatwa, jambo la kwanza nililowaza halikuwa mguu. Niliwaza miezi mitano uliyopiga magoti mbele yangu, na watoto wako wakila chakula kimepoa, na mimi nimeutupa mguu ule kama kitambaa cha bure. Ningekutazamaje? Kwa hiyo nikaandika uongo. Halafu ukaandika unafungua chumba, tena kwa sababu ya mguu ule ule. Uongo ukawa hauna tena mlango wa kutokea.

Nimekukasirikia siku nyingi, mpwa wangu, na nimekuonea haya siku nyingi, na siku nyingine yote mawili kabla ya chai ya asubuhi.

Picha nimekusamehe. Lakini maneno yale yaondoe. Mwalimu aliponiambia bango linasema "Hatukati", sikuweza kushona siku ile. Wodini tulikuwa wanane tuliokatwa. Mmoja alikuwa mkulima, hajawahi kuchelewa hospitali hata siku moja, alifanya yote aliyoambiwa, na bado alikatwa. Akipita chini ya bango lako atasoma nini?

Mjomba wako

---

10 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefika salama, watoto nimewakuta wazima, mkubwa kafaulu. Asante kwa gauni. Mkazamjomba amekanyaga vizuri, mshono umenyooka.

Nilipokuwa kwenu siku tatu sikuweza kusema haya, na wewe hukuniuliza, kwa hiyo naandika.

Bango nililiondoa kabla ya kuja kwenu. Nililetewa ngazi na Bi Mkasi bila kumwomba. Picha za ndani nazo nimeziondoa. Jumatatu iliyofuata msagaji alikuja kubadilisha bandeji na benchi lilikuwa limejaa tena, nikasimama kabla sijavaa glavu. Nikasema yule wa kwenye picha ni mjomba wangu, kidonda chake kilipona mikononi mwangu, kisha kikaja kingine, akaniandikia, nikamwambia asubiri, akakatwa. Nikasema siku ile niliposema ni mtu mwingine nilidanganya. Sauti ilitoka ndogo mpaka bibi wa Jumatatu akaniambia, "Sema tena, mwanangu, huku nyuma hatujasikia." Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Wawili hawajarudi tangu siku hiyo. Bibi anarudi. Alinyoosha mguu wake akasema, "Basi leo nitazame vizuri." Kuna siku benchi lina mtu mmoja tu. Bango jipya halina picha: "Muuguzi. Vidonda. Njoo mapema." Daktari yule wa ufunguo amepita, amelisoma, akatikisa kichwa. Sijui alikuwa na maana gani na sikumkimbilia.

Yule muuguzi niliyekutambulisha naye, anayepita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, atakuja kila Alhamisi kuutazama mguu wa kushoto. Ni kazi yake mwenyewe, ameianza mwaka huu, na ni hodari. Usimfanyie utani wa kumficha. Nimeshamwambia kuhusu soksi.

Siku ya mwisho nilitaka kuona kigutu, pale mguu ulipokatwa. Uliushika mkono wangu ukaurudisha pajani kwangu. Nimeona vigutu zaidi ya nywele zangu, mjomba, na sikupata neno la kukuomba. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Safari nzima ya kurudi nilikaa na mkoba ule mapajani, na niliona haya hata kumtazama abiria mwenzangu, kama vile anajua.

Mpwa wako

---

28 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Huku salama. Muuguzi wa baiskeli amekuja Alhamisi tatu. Ana mdomo kama wako. Ameona ukucha umeingia nyamani kidogo, ameukata, amenipa karipio, mkazamjomba wako amemwongezea chai.

Hongera kwa mtihani wa mkubwa. Benchi kuwa na mtu mmoja si msiba. Na mimi nilianza na mteja mmoja, naye alikuwa mama yako.

Umeniuliza bila kuuliza. Nilipokushika mkono haikuwa hasira. Ulikuwa umeshavaa glavu. Ulikuwa umepiga magoti, mkoba umefunguka, uso umeuweka ule wa kikazi, na nikaona kwamba ukikitazama kigutu changu utakitazama kama ulivyotazama vile vingine vyote, vingi kuliko nywele zako. Mkazamjomba wako peke yake ndiye aliyekiona, na siku ya kwanza alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka jua likahama. Mimi mwenyewe nakiosha nikiwa nimegeuka ukutani.

Kusimama mbele ya wagonjwa wako sitasimama. Usiniombe tena. Yako uliyasema mwenyewe, nami sina la kuongeza.

Shule zikifungwa njoo na watoto. Mkoba uache huko huko. Ukifika tutakula kwanza, tutaulizana habari. Ukitaka kulia utalia, hakuna atakayekuzuia. Halafu watoto wakitoka kucheza, utafunga mlango, nami nitakuonyesha.

Mjomba wako